Kujenga Banda la Kuku kwa Gharama Ndogo Dodoma na Kanda ya Kati: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Majibu haya yamekusanywa kutokana na maswali yanayorudiwa na wafugaji wapya wa Dodoma mjini, Chamwino, Bahi, Kongwa na Mpwapwa, ambao wengi wao wana fedha kidogo, kiwanja kidogo na kuku wasiozidi 50. Bei hazikutajwa, kwa kuwa bei ya bati na saruji hubadilika kila msimu. Vimetajwa vipimo na idadi, ili msomaji aingie dukani akiwa na orodha yake na kupiga hesabu kwa bei ya siku hiyo.

## Kabla ya kuanza

Wazee wetu walifuga kuku bila banda. Kwa nini nijenge?

Wazee hawakuwaacha kuku nje. Katika nyumba za tembe za Ugogo kuku walilala ndani, mara nyingi jikoni, na paa lile bapa lililofunikwa kwa udongo mzito liliwapa ubaridi mchana na joto usiku. Mwizi hakuweza kuwafikia bila kumwamsha mwenye nyumba. Hasara yake ilikuwa papasi, waliojificha katika nyufa za kuta na kuwauma kuku na watu kwa pamoja, pamoja na vumbi la kinyesi mahali panapopikwa chakula.

Nyumba za bati na sakafu ya saruji zimeondoa nafasi hiyo, hivyo kuku wengi sasa hulala mitini au chini ya mkokoteni, na kicheche hujichukulia anayemtaka. Banda linarudisha usalama ule wa usiku, na linaongeza jambo ambalo jiko la zamani halikuwezesha kwa urahisi, yaani kuwakuta kuku wote mahali pamoja alfajiri ili kuwachanja, kuwahesabu na kumtenga anayeonekana mgonjwa.

Gharama ndogo maana yake nini hasa? Nipunguze wapi?

Punguza kwenye kuta, sakafu, viota na vyombo. Usipunguze kwenye paa, wavu na mlango. Kuku hafi kwa sababu ukuta wake ni wa udongo, bali hufa kwa sababu tundu la wavu lilimruhusu nguchiro kupita, au kwa sababu paa lilimpikia ndani mwezi Novemba.

Wajenzi wengi hufanya kinyume chake. Hupandisha ukuta wa tofali za saruji pande zote hadi juu, huacha dirisha moja dogo, na fedha inapokwisha hununua wavu mwepesi kuliko yote na mlango wa mabaki usiofunga vizuri. Banda la namna hiyo huonekana la maana machoni pa majirani, lakini kwa hali ya hewa ya Dodoma ni tanuri, na gharama yake ingetosha kujenga mabanda mawili ya kufaa.

Kuku wangu wanahitaji nafasi kiasi gani?

Kwa kuku wa kienyeji wakubwa wanaotoka nje mchana, hesabu kuku 5 hadi 7 kwa kila mita 1 ya mraba ya sakafu. Kwa kuku wanaoshinda ndani siku nzima, na kwa chotara wazito kama Kuroiler na Sasso, usizidi 5, na palipo na joto jingi 4 ni bora zaidi. Msongamano huleta kudonoana, matandazo mabichi na harufu kali ya kinyesi inayouma macho.

Jenga kwa idadi unayotarajia kuwa nayo baada ya mwaka mmoja, kwa sababu mitetea 5 wanaoatamia vizuri huongezeka haraka kuliko akiba ya mfugaji. Kama fedha haitoshi, tazama swali la kupanua banda katika sehemu ya hali za pekee.

Je, ninahitaji kibali?

Mjini, muone kwanza mwenyekiti wa mtaa na afisa mifugo wa kata kabla ya kuchimba msingi, kwa kuwa sheria ndogo za halmashauri kuhusu mifugo katika maeneo yaliyopimwa hazifanani na za vijijini. Mazungumzo hayo hayana gharama, na humwepusha mfugaji na ugomvi wa jirani unaoanza wakati banda limekwisha kuezekwa.

## Mahali na mwelekeo

Banda lielekee upande gani?

Hili ndilo swali linalostahili kufikiriwa kwa muda mrefu kuliko yote, kwa sababu jibu lake halina gharama hata ya shilingi moja, ilhali kosa lake halirekebishiki bila kubomoa.

Pande ndefu za banda zielekee kaskazini na kusini, na pande fupi zielekee mashariki na magharibi, ili jua la asubuhi na la alasiri, ambalo huingia likiwa limeinama, likutane na pande fupi tu. Upepo mkali wa Dodoma, hasa kuanzia Juni hadi Oktoba, huvuma zaidi kutoka mashariki na kusini-mashariki ukiwa na vumbi na, usiku wa Juni na Julai, ubaridi. Kwa hiyo ukuta wa mashariki uzibwe wote hadi juu, upande wa kusini uwe na uwazi mdogo unaofungika, na upande wa kaskazini uachwe wazi kwa wavu.

Uwazi wa kaskazini una faida nyingine ambayo wengi hawaitambui. Dodoma iko takriban nyuzi 6 kusini mwa ikweta, hivyo mwezi Juni jua la mchana huwa upande wa kaskazini wa anga, nalo huingia kidogo ndani ya banda katika msimu wa baridi. Kuanzia katikati ya Oktoba hadi Februari jua la mchana huhamia kusini, na uwazi huo hubaki kivulini katika miezi ya joto. Paa likipandishwa kaskazini na kushushwa kusini, banda lenyewe hufuata majira bila mtu kuligusa.

Banda langu la kwanza lilitazama mashariki, kwa sababu nilipenda kuona kuku wakiota jua la asubuhi. Kufikia Julai nilikuwa nimeziba uwazi wote kwa viroba, na kuku walikuwa wakikohoa vumbi.

Nilijenge sehemu gani ya kiwanja?

Liwe upande wa magharibi au kaskazini-magharibi wa nyumba, ili upepo uondoe vumbi na harufu badala ya kuvileta sebuleni, lakini lisiwe mbali kiasi cha kutosikika usiku. Pawe mahali palipoinuka. Mvua za Dodoma ni chache, kati ya milimita 500 na 600 kwa mwaka kwa wastani, lakini hunyesha karibu zote kati ya Desemba na Aprili, na mara nyingi kwa kishindo. Mahali palipokauka miezi saba panaweza kugeuka mkondo wa maji kwa saa moja. Kabla ya kuamua, tazama mifereji ambayo maji ya mwaka uliopita yaliichimba.

Kivuli cha mwarobaini ni baraka, ila matawi yanayogusa paa yakatwe, kwa kuwa nyoka na paka huyatumia kama ngazi.

## Vifaa

Kuta nijenge kwa kitu gani?

Ukuta mfupi wa sentimita 80 unatosha kwa pande tatu, na juu yake huwekwa wavu. Ni upande wa mashariki tu unaohitaji ukuta kamili. Kwa kimo hicho tofali mbichi za udongo zinafaa kabisa, mradi msingi uwe wa mawe na upande kama sentimita 20 juu ya ardhi ili maji yasiulambe ukuta. Mawe Dodoma si haba, na mara nyingi gharama yake ni ya kuyasomba tu. Tofali za kuchoma ni imara zaidi, na za saruji hazina ulazima.

Sharti la ukuta wa udongo ni lipu. Ufa mwembamba unaoonekana hauna madhara ndio makao ya papasi na utitiri, hivyo ukuta upigwe lipu laini ya udongo wa kichuguu uliochanganywa na samadi ya ng'ombe, kisha upakwe chokaa ndani na nje. Nyufa zinazojitokeza zizibwe kila mwaka kabla ya mvua. Ukuta wa fito na udongo nao unaweza kutumika, lakini hupasuka zaidi, na fito zake huwaita mchwa.

Ninaweza kutumia mabaki ya ujenzi?

Ndiyo, na hapa Dodoma ina neema ambayo mikoa mingi haina. Tangu Serikali ilipoanza kuhamia rasmi mwaka 2016, ujenzi wa ofisi na nyumba umeendelea katika maeneo kama Mtumba, Ihumwa, Nzuguni na Iyumbu, na kila jengo linapokamilika huacha mbao za kumwagia zege, vipande vya bati, nondo fupi na mapaleti. Zungumza na msimamizi wa eneo la ujenzi, wala usichukue kwa mlinzi usiku. Mali isiyo na maelezo huleta kesi.

Mbao za zege zina saruji iliyoganda na misumari iliyofichika. Ziparuzwe, zing'olewe misumari, na zitumike kwenye mlango, viota na fremu, si kwenye nguzo zinazoingia ardhini. Bati lililotoboka lisiwekwe juu ya vichanja, yaani fito ambazo kuku hulalia, ila linafaa sana likichimbiwa chini ya mlango kuzuia wachimbaji. Mbao zinazonuka dawa kali au rangi zisitumike mahali ambapo kuku hudonoa.

Paa liwe la bati, nyasi au udongo?

Bati geji 30 linatosha kwa banda dogo na hudumu miaka mingi, lakini lina kasoro moja kubwa, yaani joto. Nyasi zina ubaridi mzuri na gharama ndogo, ila huhitaji kurekebishwa mara kwa mara, hushika moto upesi, na huhifadhi panya na nyoka. Paa la udongo la namna ya tembe lina ubaridi kuliko yote, lakini uzito wake unadai nguzo nene na nyingi, na siku hizi kuzipata kunagharimu kuliko bati lenyewe, bila kutaja hasara ya kukata miti katika mkoa mkavu.

Ushauri wangu ni bati lililofunikwa kwa nyasi nyembamba juu yake, zikabanwa kwa fito na waya ili upepo usizipeperushe. Nyasi zikiwekwa chini ya bati hugeuka chumba cha panya. Asiyepata nyasi apake bati chokaa nyeupe nzito mwishoni mwa Septemba. Mvua itaiosha kufikia Januari, lakini kwa wakati huo kazi yake itakuwa imekwisha.

Ninunue wavu wa aina gani?

Wavu wa kawaida wa kuku wenye matundu ya pembe sita humzuia kuku asitoke, lakini haumzuii kila adui asiingie. Mbwa huuchana, na matundu makubwa humpitisha nguchiro mdogo. Sehemu ya chini, hadi mita 1 kutoka ardhini, iwe na ukuta au wavu mgumu wa kuchomelea wenye matundu yasiyozidi sentimita 1.5, juu ya hapo wavu wa kawaida wa sentimita 2.5 unaruhusiwa. Wavu ubanwe katikati ya mbao mbili, kwa kuwa misumari iliyopindwa pekee hung'oka.

Mchwa wamekula nguzo za jirani yangu kwa msimu mmoja. Nifanyeje?

Mrunda wa mkaratusi uliochimbiwa moja kwa moja kwenye udongo wa Dodoma haudumu, na hakuna kiasi cha majivu kitakachoubadilisha kuwa chuma. Dawa ya uhakika ni kutenganisha mti na udongo: simamisha nguzo juu ya msingi wa mawe au kitako cha zege kilichoachiwa vipande vya nondo vya kuishika, ili mchwa akitaka kupanda alazimike kujenga njia yake nje, mahali unapoweza kuiona na kuivunja. Kagua kila wiki. Kazi hiyo huchukua dakika tano.

Kama huna budi kuchimbia, tumia mti wa mwarobaini uliokomaa, ambao mchwa hawaupendi, au bomba kuukuu la chuma. Oili chafu ya magari hupakwa na wengi kwenye sehemu ya chini ya nguzo, nayo husaidia kwa muda, lakini iachwe ikauke kabisa na isimwagwe kwenye udongo, kwa sababu kuku huparua na kula kila wanachokifukua.

Sakafu ni lazima iwe ya saruji?

Si lazima. Udongo wa kichuguu ulioloweshwa, ukashindiliwa tabaka kwa tabaka hadi unene wa sentimita 10 juu ya mawe madogo, huwa mgumu na hufagilika. Saruji ina faida ya kusafishika na kuwazuia panya, hivyo kama utapata mfuko mmoja wa ziada, umwage chini ya vichanja, ambako kinyesi huanguka zaidi, na sehemu nyingine ibaki ya udongo.

## Mfano wa banda la kuku 30

Banda la kuku 30 linahitaji vifaa gani?

Chukua banda lenye urefu wa mita 3 na upana wa mita 2, kimo cha mita 2.2 kaskazini na mita 1.7 kusini, lenye mlango upande wa magharibi. Paa litokeze karibu nusu mita kila upande, kwa kuwa ni utokezaji huo unaozuia jua na mvua ya upepo, na fundi anayetaka kuukata ili kubana bati asisikilizwe.

Paa la ukubwa huo hutumia bati 6 za futi 10, zikipandishwa migongo ipasavyo. Mbao za mbili kwa nne ziwe mbili za mita 4 za kulaza juu ya nguzo na nne za mita 3 za kubeba paa. Papi za mbili kwa mbili, ambazo bati hupigiliwa juu yake, ziwe mistari minne ya mita 4. Nguzo ni saba: tatu ndefu za kaskazini, tatu fupi za kusini na moja ya kushikilia mlango. Eneo la kuta, ukijumlisha ule kamili wa mashariki, ni takriban mita 10 za mraba, sawa na tofali 100 hivi za saruji zenye urefu wa sentimita 45 na kimo cha sentimita 23. Anayefyatua tofali zake za udongo agawanye kwa kipimo cha kibao chake. Wavu ni mita za mraba 9, pamoja na nusu ya juu ya mlango. Ongeza misumari ya bati, misumari ya kawaida, waya wa kufungia, bawaba tatu, komeo mbili na kufuli.

Fundi wa siku mbili au tatu anatosha kwa nguzo na paa. Msingi, tofali, lipu na sakafu ni kazi ambazo familia inaweza kuzifanya yenyewe, na wakati mzuri ni Mei hadi Septemba, tofali zikiwa zinakauka bila kunyeshewa.

## Ndani ya banda

Vichanja na viota viwe vya namna gani?

Kuku hupenda kulala juu, na asipopata fito atalala ndani ya kiota na kukichafua. Kila kuku apewe sentimita 20 za fito, hivyo kuku 30 wanahitaji fito tatu za mita 2, zilizopachikwa upande wa mashariki palipo na ukuta kamili, zikiachana sentimita 30 na kuinuka sentimita 60 kutoka sakafuni. Zote ziwe katika kimo kimoja, ili kuku wasigombanie ya juu. Kwa chotara wazito, kimo kipungue hadi sentimita 40, kwa kuwa huumia miguu wanaporuka. Fito iwe na unene wa sentimita 5 na isiwe na ganda, kwa sababu papasi hujibanza chini ya ganda.

Kiota kimoja cha sentimita 30 kila upande hutosha mitetea 4 au 5. Ndoo iliyopasuka, chungu kikuukuu au kikapu vinafaa sawa na sanduku la seremala. Kiwekwe kwenye giza, chini kuliko vichanja, na mtetea anayeatamia apewe chake peke yake mbali na wenzake.

Nitandaze nini sakafuni?

Pumba za mpunga kutoka mashine za Bahi, maganda ya karanga, maganda ya alizeti au maranda ya mbao, kwa unene wa sentimita 5 hadi 10. Unga laini wa msumeno usitumike, kwa sababu hewa ya Dodoma tayari ni kavu na vumbi lake huziba njia ya pumzi ya kuku. Matandazo yapinduliwe kila wiki; yaliyolowa yatolewe siku hiyohiyo. Yanayoondolewa ni mbolea njema kwa bustani, yakishaachwa yaoze kwanza.

Vifaranga wakae humohumo?

Wakae kwenye kona yao, iliyozungushiwa mbao au maboksi kwa umbo la duara lisilo na pembe, kwa kuwa vifaranga wakisikia baridi hurundikana pembeni na kukanyagana hadi kufa. Wiki ya kwanza wanahitaji joto la nyuzi 32 hadi 35 za sentigredi, linalopunguzwa kidogo kila wiki. Asiye na kipimajoto awatazame: wakijikusanya chini ya taa wanasikia baridi, wakiikimbia na kutweta wanaungua, wakitawanyika sawasawa wamestarehe. Jiko la mkaa litumike likiwa limewaka kabisa bila moshi, likizungushiwa tofali, na hewa iwe inapita juu. Limewaua vifaranga wengi, kwa hewa yake na kwa moto.

## Joto, wadudu na maadui

Kuku wangu wanatweta mchana wa Oktoba na Novemba. Nifanyeje?

Kuku hana jasho. Hujipoza kwa kutweta na kutanua mabawa, na joto likizidi nyuzi 30 hivi huanza kutaabika. Kama mwelekeo wa banda ni sahihi na paa limefanyiwa kama ilivyoelezwa katika swali la bati na nyasi, kinachobaki ni maji na kivuli cha nje. Kuku 30 wanaweza kunywa lita 6 hadi 9 kwa siku ya joto, hivyo palipo na mgao wa maji dumu la lita 20 la akiba ni sehemu ya banda. Maji yawekwe kwenye chungu kivulini. Chungu hupoza bila umeme.

Kuku wamejaa viroboto kichwani, na wengine wanakonda bila sababu. Je, ni banda?

Mara nyingi, ndiyo. Viroboto wanaoganda kuzunguka macho na kwenye upanga huzaliana katika vumbi la sakafu, kwa hiyo kumpaka kuku mafuta bila kubadili matandazo ni kazi bure. Yachome yote, fagia, mwaga chokaa, kisha tandika mapya. Papasi wa kuku ni wajanja zaidi: hunyonya usiku, hujificha mchana ndani ya nyufa, na huweza kukaa zaidi ya mwaka bila kula, hivyo kuacha banda tupu miezi miwili hakuwaui. Ingia usiku na tochi ukague fito na kuta. Ziba nyufa, badilisha fito zenye ganda, na dawa ya kunyunyizia ichaguliwe na afisa mifugo, kwa kuwa baadhi ya viuatilifu vya shambani vitamuua kuku kabla ya papasi.

Wapatie pia karai la majivu na mchanga mkavu wa kujigaragaza, lililofunikwa lisinyeshewe.

Nitawazuiaje kicheche, nguchiro na wezi?

Kicheche huja usiku kwa kuchimba au kupenya, nguchiro huja mchana, na mwewe hutafuta vifaranga walio uwanjani. Palipo na msingi wa mawe hapachimbiki kwa urahisi. Kama upande wowote hauna msingi, laza wavu juu ya ardhi kuelekea nje kwa nusu mita na kuukandamiza kwa mawe. Mnyama huanza kuchimba pale ukuta unapokutana na ardhi, hukuta wavu, na hana akili ya kurudi nyuma nusu mita.

Kuhusu mwizi, mlango uonekane kutoka dirisha la chumba cha kulala, ufunguke kuelekea nje, na bawaba zipachikwe kwa boliti badala ya parafujo. Uzio wa minyaa ni rahisi na haufi kwa ukame, ila utomvu wake ni hatari kwa macho, hivyo watoto waonywe na aukataye awe na tahadhari.

## Hali za pekee

Ninaishi nyumba ya kupanga. Je, ninaweza kuwa na banda?

Tengeneza banda la kuhamishika la mapaleti, lenye urefu wa mita 1.5 na upana wa mita 1, kwa kuku 6 hadi 8, na bati mbili za mabaki juu. Fremu zifungwe kwa boliti, ili siku ya kuhama lifunguliwe na kupakiwa kwenye guta. Ruhusa ya mwenye nyumba itangulie kununua kuku.

Kiwanja changu kina udongo mweusi wa mbuga. Msingi utapasuka?

Utapasuka ukiwa mwembamba, kwa kuwa udongo huo huvimba ukilowa na kupasuka ukikauka. Hapa ndipo banda la kuinuliwa kwa nguzo, mita 1 juu ya ardhi, linapofaa kuliko ukuta wa tofali: sakafu ya fito zinazoachana sentimita 2 hivi, kinyesi kikianguka chini, na viroboto wakikosa vumbi la kuzalia. Upande wa mashariki wa chini uzibwe kwa viroba mwezi Juni na Julai, kwa sababu baridi hupita katikati ya fito. Kwenye udongo mwekundu wa kawaida sioni sababu ya kugharimia nguzo hizo.

Ninaweza kujenga nusu sasa na kupanua baadaye?

Ndiyo, ikiwa upanuzi umekusudiwa tangu mwanzo. Ukuta wa magharibi, wenye mlango, uwe mwepesi wa mbao na wavu, na mbao za kulaza juu ya nguzo ziachwe zikitokeza, ili sehemu ya pili iungwe bila kugusa paa la kwanza. Ukuta kamili wa mashariki hautaguswa.

Banda zuri litazuia kideri?

Halitazuia. Kideri, ambacho wengine hukiita mdondo, huingia kwa kuku mgeni, kwa viatu, kwa vyombo na kwa kuku wa jirani, na kikiingia huweza kumaliza banda zima kwa siku chache. Kinga yake ni chanjo. Ile ya I-2, inayotengenezwa hapa nchini na Wakala wa Maabara ya Veterinari Tanzania, hustahimili joto kuliko chanjo nyingi za kideri, hutolewa kwa tone moja jichoni na hurudiwa kila baada ya miezi 3. Kuku aliyenunuliwa mnadani akae peke yake wiki mbili kabla ya kuchanganywa na wengine, hata kama ni chini ya tenga uani.

Kuku wanakataa kuingia kwenye banda jipya. Kuna kosa gani?

Kwa kawaida hakuna kosa. Kuku hurudi mahali alipolala jana. Wafungie ndani siku tatu hadi tano wakiwa na chakula na maji, kisha wafungulie alasiri, saa moja tu kabla ya jua kuzama. Wakiendelea kukataa baada ya hapo, ingia usiku na tochi kama ilivyoelezwa katika swali la viroboto, ukague fito kwa makini, kwa kuwa kuku waliowahi kulala ndani na ghafla wakahamia mtini mara nyingi wanawakimbia papasi.